Shangazi wa Karakana na Siku Aliyokufa Sele

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, Fundi Mkuu wa karakana yetu atakabidhi funguo, atavua ovaroli na kustaafu kwa heshima zote. Jina lake kamili limechapishwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la ratiba hii, na nimeambiwa wapo wafanyakazi waliolisoma wakauliza ni la nani. Sisi tunamwita Shangazi.

Kamati ya sherehe ilimtaka mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni dereva, aandike kwa Kiswahili sanifu, kwa ufupi na bila utani. Kwenye Kiswahili atajitahidi.

Shangazi aliingia hapa akiwa msichana mwembamba mwenye cheti cha ufundi wa magari na mdomo usio na breki. Karakana wakati ule ilikuwa banda la mabati lenye shimo moja la ukaguzi, na mafundi waliokuwamo walidhani ameletwa kupika chai. Alimimina chai, akainywa yeye, kisha akauliza ovaroli zinakaa wapi. Ndogo kuliko zote iliyokuwapo ingemtosha yeye na mtu mwingine mmoja, hivyo akaitwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma aje aipunguze. Fundi huyo alichukua vipimo, akasahau kuviandika, akarudi kuvichukua upya, akavipoteza, akarudi tena. Leo ni mume wake, na yuko hapa ukumbini amevaa suti aliyoishona mwenyewe.

Jina la Shangazi hakulipewa kwa sababu ya umri. Alilipata kwa sababu anafuatilia mambo ya kila mtu. Atakuuliza hali ya mkeo akiwa amelala chini ya gari, na usipojibu vizuri hatoki. Amewapatanisha wanandoa kadhaa wa idara hii huku ameshika spana, na wapo wawili aliowaambia waziwazi waachane, wakaachana, na wote wawili wamenenepa.

Jambo la kwanza alilolibadilisha karakana ni lugha. Shangazi hana subira na maneno marefu. Husema ukiwa umelala chali chini ya gari na mafuta yanakudondokea mdomoni, huna nafasi ya kutamka kompresa ya kiyoyozi. Kwa hiyo vipuri vikapewa majina ya watu. Kompresa ikawa Kombo. Radieta ikawa Radhia. Na solenoidi, kile kisumaku cha umeme kinachokaa ndani ya giaboksi ya otomatiki kikifungua na kufunga njia za mafuta ili gia zibadilike, akaitwa Sele. Mpita njia akisimama nje ya karakana asubuhi angesikia kwamba Kombo ana kelele siku hizi, Radhia anavuja, na Sele hafai tena ila kubadilishwa. Wengi walikwenda zao wakitusikitikia.

Mtunza stoo ndiye wa kwanza kuyaonja madhara ya utaratibu huo. Mkewe alimpigia simu, akamsikia akimjibu mtu wa pembeni kwamba Radhia amelala kule juu, aachwe hapohapo, atamteremsha mwenyewe kwa mikono yake. Shemeji yetu alifika karakana kabla simu haijapoa. Shangazi alimpokea kwa heshima, akampeleka stoo, akamtambulisha kwa Radhia na kumpa kitambaa amfute vumbi. Wanawake hao wawili ni marafiki mpaka leo. Radhia aliuzwa pamoja na vyuma chakavu.

Nisije nikaonekana ninamsifu tu, niseme na hili: Shangazi hajui kuendesha gari. Leseni anayo, lakini ukuta wa nyuma wa karakana una bonde lenye umbo la bampa, na maelezo yake hadi leo ni kwamba ukuta ulijengwa vibaya. Ndiyo maana kila anapotaka kulijaribu gari barabarani huchukua dereva, akakaa pembeni ameinamisha kichwa, anasikiliza. Wala si kwamba hakosei. Aliwahi kufumua dashibodi nzima ya gari la Mhasibu Mkuu akiutafuta mlio wa ajabu, na mlio ukawa ni kijiko cha uji cha mtoto kilichodumbukia chini ya kiti. Alikirudisha kijiko kimeoshwa, akamwambia mhasibu kwamba gari limepona na mtoto alishwe vizuri.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho mjumbe mmoja wa kamati ya sherehe aliniomba nikiruke. Sababu yake mtaiona mbele.

Gari la Mkurugenzi wetu wa wakati ule, jeusi, la otomatiki, lilianza kumkataa Mkurugenzi. Nikiwa peke yangu lilikwenda vizuri kabisa, gia zinabadilika bila hata kuzihisi. Akipanda yeye, hasa tukitoka kwenye vikao vyake, lilikuwa linang'ang'ania gia moja, injini inapiga kelele, taa ya hitilafu inawaka, na sisi tunatambaa huku watu wa baiskeli wanatupita na kutuchungulia dirishani. Asubuhi nikilipeleka karakana linabadilisha gia kwa adabu zote. Kwa hiyo karakana nzima ilikuwa inamshuku mtu mmoja tu, naye ni mimi.

Gereji moja ya nje ililiangalia haraka haraka ikasema giaboksi nzima imekwisha. Afisa Usafirishaji akahitimisha kwamba imeuawa na uendeshaji mbovu. Nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na minong'ono ya korido ikanitangulia kwamba hukumu ni kufukuzwa kazi. Nilikuwa na watoto wawili, wa tatu njiani, na tulikuwa tukiishi nyumba ya kazini. Dereva aliyefukuzwa kwa kuua giaboksi ya bosi haajiriwi tena hata kusukuma mkokoteni. Nilikuwa nimepoteza usingizi na hamu ya kula, na mke wangu alikuwa ameanza kukunja nguo kimyakimya.

Nilimwendea Shangazi nikitarajia huruma. Huruma haikuwapo. Alinisimamisha mbele ya mafundi wote akaniambia, "Mguu wako huo, mwanangu, hata ukikanyaga pedali ya baiskeli fremu itapinda." Watu wakaangua kicheko. Kwa uchungu nikamjibu kwamba mguu ni huohuo ninapokuwa peke yangu na gari halisumbui, likisumbua ni mpaka Bosi awemo. Aliacha kufuta mikono. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Kuanzia hapo alisahau kabisa kwamba alikuwa ananigombeza.

Dhana yake ya kwanza ilikuwa uzito. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kujaza kiti, tuseme hivyo. Shangazi alimpigia simu katibu muhtasi akamuuliza Bosi ana kilo ngapi, na katibu muhtasi akakata simu. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa akimshonea Mkurugenzi suti, naye akasimama kidete kwamba vipimo vya mteja ni siri ya kazi. Walinuniana kwa chakula kimoja cha mchana. Mwishowe mume alitaja kiuno peke yake, kwa sauti ya chini, na Shangazi akakisia vilivyobaki. Tulipakia mifuko ya saruji na betri ya lori kwenye kiti cha nyuma, tukavifunga mkanda, tukazunguka navyo mji mzima. Gari likaenda vizuri. Mkurugenzi akasafishwa jina bila kujua kwamba alikuwa mtuhumiwa.

Siku moja kabla ya kikao changu, Shangazi alifungua mlango wa nyuma akaketi mahali pa Bosi. "Leo Mkurugenzi ni mimi," akasema. "Nifanyie kila kitu unachomfanyia yeye, usipunguze hata kimoja." Nikamfungia mlango kwa mikono miwili. Getini mlinzi akapiga saluti, akaiona ovaroli, na mkono wake ukabaki hewani haujui pa kwenda. Shangazi akampungia. Niseme tu kwamba ukubwa ulimkaa vizuri mno, maana hata hatujafika njia panda alikuwa ameshaniagiza nipunguze redio mara mbili, na redio ilikuwa imezimwa.

Tulifika kwenye jengo ambako Mkurugenzi huwa na vikao vyake. Akashuka, akaniamuru nifanye kilekile ninachofanya nikimsubiri. Ninachofanya nikimsubiri ni kukaa juani, injini inanguruma, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, kwa kuwa agizo la Mkurugenzi lilikuwa moja: "Nikitoka nikute baridi." Shangazi akakaa kwenye ngazi za jengo akila karanga kwa muda mrefu kama kikao halisi, na bila shaka kwa faida zaidi. Aliporudi alijitupa kitini akasema, "Twende, dereva." Kwenye kilima cha posta gari likagoma. Injini ikapiga kelele, gia haikubadilika, magari ya nyuma yakaanza kutupigia honi na kututukania wazazi. Na huko nyuma Shangazi alikuwa anakipigapiga kiti changu kwa furaha. "Ni joto! Si wewe, ni joto! Likisimama linaungua ndani kwa ndani!"

Sijawahi kufurahi namna ile nikiwa ninatukanwa barabarani. Lakini kujua ni joto hakutoshi. Kamati ingeuliza joto limeharibu nini, na ndani ya giaboksi ile mlikuwa na Sele wanne. Ilibidi apatikane mwenye kosa. Kulipokucha Shangazi akalifungua bakuli la mafuta chini ya giaboksi, na mimi nikaenda kuhukumiwa.

Kikao kilikuwa chumba cha mikutano, meza ndefu, chupa za chai, vikombe. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti. Afisa Usafirishaji alisoma mashtaka kwa sauti nzuri sana. Nilipoulizwa kama nina la kusema nilieleza habari za joto, na kwa jinsi nilivyokuwa ninababaika hata mimi sikujiamini. Walikuwa wameshafika kwenye neno "kamati inapendekeza" mlango ulipofunguka. Katibu muhtasi akaingia uso umemshuka, akamwinamia Mkurugenzi, lakini chumba kilikuwa kimya na wote tulisikia. "Samahani, Bosi. Wamepiga simu kutoka karakana. Sele amekufa."

Mimi nikanyanyua mikono juu nikasema, "Afadhali!"

Ilinitoka. Kwangu habari ile ilikuwa ni wokovu, kwamba mwenye kosa amepatikana na jina lake limetajwa. Kwao nilikuwa nimeshangilia msiba. Nyuso zote zikanigeukia, na sijaona tangu siku ile watu wazima wakinitazama namna hiyo. Mkurugenzi akavua miwani taratibu, akasema tusimame kwa dakika moja kumkumbuka mwenzetu. Tukasimama. Nami nikasimama, nimeinamisha kichwa, ninamwombea solenoidi pumziko jema.

Tulipoketi, Afisa Utumishi alisema kwamba alimfahamu marehemu vizuri. Alikuwa kijana wa masjala, mpole, hana makuu, na juzi tu walisalimiana kwenye ngazi. Mjumbe wa pili akasema hapana, Sele alikuwa wa bustani, ndiye aliyekuwa akimwagilia yale maua ya mbele, na ndiyo maana maua yamenyauka. Wakakubaliana kwamba huenda alihamishwa. Mjumbe wa tatu, mama mwenye moyo laini, akauliza kwa machozi kama ameacha watoto. Katibu muhtasi akasema hajui, ila Fundi Mkuu alisema jambo la ajabu kabla simu haijakatika, kwamba Sele hufa akipata joto, na akipoa anafufuka. Mtu mmoja akapendekeza kwa upole Shangazi apewe likizo.

Nilijaribu kueleza. Nilisema, "Waheshimiwa, Sele si mtu." Nafikiri hilo lilizidisha. Afisa Usafirishaji akaniambia kwamba anayecheka msibani hana haki ya kusema kitu, na Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubaliana naye. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Niliona vitanda vyetu vikiwa nje ya nyumba ya kazini, na mke wangu na tumbo lake ameketi juu ya kimoja.

Shangazi hakubisha hodi. Aliingia na ovaroli yake, mafuta hadi kwenye viwiko, mikononi kashika kifurushi kidogo cha kitambaa cheupe. "Marehemu huyu hapa," akasema, akakiweka mezani. Afisa Utumishi akarudisha kiti nyuma kwa ghafla hadi kikagonga ukuta. Kitambaa kikafunuliwa, na ndani yake mlikuwa na kidude cha chuma kisichozidi kidole gumba, chenye mkia wa waya.

Akatoa betri mfukoni, akaigusisha. Kidude kikalia, tik. "Yuko hai," akasema. Kisha akavuta chupa ya chai, akamimina chai ya moto kwenye kikombe kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha Mkurugenzi, akamtumbukiza Sele. Tukasubiri. Mama mwenye moyo laini alikuwa ameshika kifua. Shangazi akamtoa, akagusisha betri. Kimya. Akarudia. Kimya. "Amekufa." Akalichukua jalada la mashtaka yangu, akaanza kumpepea nalo marehemu, anampepea na kumpuliza, mpaka alipogusisha tena, naye akalia, tik. Mjumbe mmoja alipiga makofi kabla hajajizuia.

Akawaeleza kwa maneno machache. Waya wa ndani ulikuwa na ufa mwembamba, ukipata moto unaachana, ukipoa unashikana. Gari likisimama juani injini inanguruma, mafuta ya giaboksi yanachemka, Sele anazimia, gia hazibadiliki. Asubuhi amepoa, mzima, na kila mtu anamlaumu dereva. "Mtoto huyu hana kosa," akasema, "na mimi mwenyewe nilimsingizia. Anayetaka baridi huku nyuma ndiye anayempa Sele moto kule mbele." Hakuna aliyethubutu kumtazama Mkurugenzi. Wote walikitazama kikombe chake.

Mkurugenzi akakivuta kikombe, akaichungulia chai yake iliyokuwa na mafuta juu. Kisha akauliza, "Na huyu Sele ana ndugu?"

"Yupo mdogo wake stoo, Bosi. Mpya, hajatolewa hata kwenye mfuko."

"Basi arithi," akasema Mkurugenzi, na kesi yangu ikaisha hapo. Tangu siku hiyo nilimsubiri injini ikiwa imezimwa, naye akajifunza kufungua dirisha. Afisa Usafirishaji alinipa mkono mbele ya wote, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Afisa Utumishi hajaulizwa hadi leo alisalimiana na nani kwenye ngazi. Ndiye mjumbe wa kamati ya sherehe aliyeniomba nikiruke kisa hiki, nami nilimwahidi kwamba nitalifikiria.

Kazi nyingine za Shangazi ni nyingi na ratiba hii ina kurasa chache. Banda la mabati limekuwa karakana yenye mashimo sita na paa lisilovuja. Ameandaa mafundi wengi, wengine wana gereji zao na bado humpigia simu wakikwama, na yeye huwatukana kwanza ndipo awasaidie. Magari ya idara yanawaka asubuhi. Sisi tunaoyaendesha tunajua kwamba hilo halitokei lenyewe. Nyumbani anangojwa na mumewe, ambaye amekuja kuniuliza kwa faragha kama kuna namna ya kuificha cherehani, maana wiki iliyopita amemkuta mkewe ameifungua kuangalia ndani.

Limebaki jambo moja. Siku ile nilipotoka kikaoni nilimfuata karakana kumshukuru. Kabla sijafungua kinywa aliniuliza kwa nini tairi la kushoto limepungua upepo. Mtoto wetu wa tatu alipozaliwa nilimpeleka amwone, nikaanza tena, naye akasema mtoto ana miguu mizito ya baba yake, akarudi chini ya gari. Kila nilipojaribu alikuwa na la kunigombeza, mpaka miaka ikapita na mimi nikazoea kukaa nalo moyoni. Mtoto yule sasa yuko sekondari. Amekulia katika nyumba ileile ya kazini, ameshiba kwa mshahara uleule, na hajui kwamba yapo maisha mengine aliyokaribia kuzaliwa ndani yake.

Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, Shangazi. Uliniamini siku ambayo nilikuwa nimeacha kujiamini, ukalala chini ya gari asubuhi nzima kwa ajili ya mtu ambaye kila mmoja alikuwa ameshamhukumu. Nyumba yangu imesimama kwa sababu yako. Karakana yote, madereva wote, pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu, tunakuombea miaka mingi yenye afya, vicheko na usingizi wa mchana. Asante. Leo nimeshasema.